"Kali sana" au tukosoane? Picha zetu za ziwani

Hapa Mwanza tuko washkaji wanne, Jumapili asubuhi tunatoka na simu zetu, mmoja tu ndo ana kamera yenyewe tena ya mtumba, tunazunguka mawe ya Capri Point au tunashuka mwaloni Kirumba kupiga picha za ndege, maji na vitu vilivyotupwa ufukweni. Baadae tunakaa kwa mama ntilie, chai na chapati, simu zinapita mkono kwa mkono. Zamani kila picha ilipewa "kali sana" yake basi imeisha. Mpaka siku mwenzetu mmoja aliposema hizi sifa zinatudumaza, kuanzia leo kila picha ikosolewe, na chai yetu ikatumbukia nyongo.

Wa kwanza kuumia alikuwa mdogo wetu, simu yake ina ufa kwenye lenzi, katuonyesha korongo kasimama juu ya vichwa vya sangara. Akaambiwa mdomo wa ndege umekatwa, maji yamelala upande, jua kali mno. Yote kweli! Ila Jumapili tatu hakuonekana. Kiukweli watu wa sifa wana hoja hapo, huyu mtu halipwi na mtu, bando lake mwenyewe, kaamka saa kumi na moja alfajiri kwa raha zake, sasa unamsimamia kama mwalimu wa zamu ili iweje?

Ila na mimi sifa zimenicheleweshea mambo. Jiwe la Bismarck, lile lililosimama majini ziwani, kila mtu hapa mjini analo kwenye simu, jua linazama, halafu filta inakoleza mpaka ziwa linafanana na fanta ya machungwa. Mimi nilikuwa nafika pale karibu saa moja jioni napiga giza tupu, naambiwa kali, narudi tena na giza lingine, hakuna aliyeniambia kwamba huku karibu na ikweta jua likianza kuzama halisubiri mtu, ule mwanga wa dhahabu ni dakika chache tu, wahi saa kumi na mbili ukae. Sentensi moja tu hiyo. Miezi imepita.

Lakini hata hawa wakosoaji wetu wana ugonjwa wao, wanaangalia sheria kabla ya picha. Gawa fremu mara tatu, usiweke kitu katikati, sijui nini. Wakati mwingine tatizo haliko kwenye fremu kabisa. Nilishaweka status ya maua ya zambarau ya magugu maji, ubishi ukawa rangi, hakuna aliyeuliza mbona unayaremba magugu yaliyotoka Amerika Kusini yakaingia ziwani mwishoni mwa miaka ya 1980, mpaka leo yakijazana mtumbwi hautoki.

Iliyonimaliza ni picha ya ndala. Kipande cha ndala ya bluu kimekatwa duara, katikati kina tundu, uzi wa nailoni umening'inia, nimekipiga juu ya jiwe nikaandika "Takataka za ziwa". Mmoja akasema kali, mwingine akasema ile chupa ya nyuma inavuruga. Pembeni kulikuwa na mzee anashona nyavu, akaomba simu, akaisogeza mbali na macho.

"Kijana wangu, hii sio takataka. Ni boya hili, mtu kapoteza wavu."

Nikasema sawa mzee, asante. Akaangalia tena.

"Na hapo juu ya jiwe maji hayafiki. Nani kaliweka?"

Nililiweka mimi. Nililitoa kwenye matope nikalipandisha juu ili lionekane vizuri, na sikumwambia mtu. Binafsi sioni dhambi kukisogeza kitu, ila ukisema umekikuta basi kiwe ulipokikuta, na hilo wenzangu wote watatu hawakuliona, wa sifa na wa sheria. Mzee hakujua habari za fremu, alijua kitu chenyewe.

Siku hizi anayeonyesha picha anasema kwanza, "nioneni tu" au "nikosoeni", na mdogo wetu karudi, wiki iliyopita kasema mwenyewe tumkosoe. Mimi nilirudi kulitafuta lile boya nilipige kwenye matope yake, sikulikuta, naona kuna mtu kalirudisha kwenye wavu.