Vigelegele, kukwaruza na opera

Baada ya mazoezi ya kwaya hapa Kirumba, mwalimu mmoja alimkataza binti wa sauti ya kwanza (soprano) kupiga vigelegele na kukwaruza sauti. Ukitaka opera, mchezo wa jukwaani unaoimbwa, alimwambia, hayo yaache. Ubishi ukatufuata hadi kituo cha daladala.

Mwalimu ana hoja. Kwa desturi opera haitumii maikrofoni. Mwimbaji husikika juu ya okestra nzima kwa kuwa amefunzwa kukusanya nguvu ya sauti kwenye masafa ya karibu hezi 3,000 (mitetemo 3,000 kwa sekunde), ambako vyombo vimepungua nguvu. Na anayelazimisha koo anaweza kuota vinundu kwenye nyuzi za sauti. Hapo sina ubishi.

Lakini opera yenyewe imepita njia hiyo. Mwaka 1837, jijini Paris, Gilbert Duprez, mwimbaji wa tenori (sauti ya juu ya kiume), aliimba opera Guillaume Tell ya Rossini akaipandisha noti ya C ya juu kwa sauti nzito ya kifua. Kabla yake matenori walifika huko kwa sauti nyepesi ya kichwa. Inasimuliwa kuwa Rossini, mwenye utunzi wake, alisema mlio ule ni wa jogoo aliyehasiwa anayekatwa koo. Noti ambayo leo tenori akiikosa ukumbi mzima unaguna, mtunzi aliisikia kama kuku anachinjwa! Kweli, sauti ya Duprez ilichakaa mapema. Hata hivyo, waliomfuata hawakuiacha C ile; walitafuta namna ya kuipata bila kuumia, na leo ndiyo inayofundishwa.

Mwaka 1969 mtunzi Peter Maxwell Davies alimtungia mwigizaji Roy Hart kazi iitwayo Eight Songs for a Mad King (Nyimbo Nane za Mfalme Mwendawazimu): mfalme anapiga mayowe, ananguruma, sauti inapanda na kushuka kupita oktava tano, yaani ngazi tano za noti nane nane. Tangu hapo mabaritoni wa opera, wenye sauti ya kiume ya kati, nao wameiimba.

Sasa kigelegele. Ni sauti ya juu, kinachochakarika ni ulimi, na kikipigwa arusini kinavuka mtaa bila spika. Kupenya bila spika si ndiko mwalimu anakotaka? Kukwaruza ni jambo jingine. Huko binti anahitaji mtu wa kumsimamia, tena wa karibu.

Pale kituoni nilimuuliza binti kama koo humuuma baada ya vigelegele. Akasema hapana. Humuuma akipandishwa soprano saa mbili mfululizo bila kupasha sauti kwanza.