Gorila Ana Jina, Mfuata Nyayo Je?

Kitabu tulichosoma mwezi uliopita hakina jalada tena. Kilinunuliwa kwa muuza vitabu vya mitumba pale Nyawera, kurasa zimevimba kwa unyevu, na aliyekuwa nacho kabla yetu alipiga mistari ya penseli kwenye sura moja tu: ile ya kifo cha Digit. Ni kitabu cha Dian Fossey, mtafiti Mmarekani, kuhusu gorila wa milima ya Virunga, mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda, kilichotoka mwaka 1983. Sisi tunacho kwa Kifaransa. Tunakutana Jumapili alasiri, hapa Kadutu, mjini Bukavu, watu tisa au kumi. Mmoja anasoma, mwingine anageuza kwa Kiswahili kwa ajili ya wale ambao Kifaransa cha vitabu kinawapita mbio.

Digit alikuwa gorila dume kijana. Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimchoma mikuki, wakamkata kichwa na mikono. Binti anayegeuza alipofika hapo sauti ilimkatika, ikabidi tusubiri anywe maji. Ndipo mama mmoja muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, aliyekuwa kimya tangu mwanzo, akauliza: "Na wetu waliokufa kule Kalehe, nani amewaandikia kitabu?"

Siku ile hakuna aliyemjibu. Tangu hapo wenzangu wamegawanyika, na ubishi wao naupima hapa kwa sababu ni wa mji mzima. Hifadhi ya Kahuzi-Biega, yenye gorila wake na inayogusa Kalehe, iko kilomita kama 30 kutoka Bukavu, na hakuna mtu wa hapa asiye na neno juu yake.

Wanaokipenda kitabu wana hoja nzito. Wanasema mnyama asiye na jina hufa bila mtu kujua, lakini akishapewa jina na tabia yake ikasimuliwa, mtu aliye mbali kabisa ataguswa na kufungua mkoba. Ndivyo ilivyokuwa. Baada ya kifo cha Digit, Fossey alianzisha mfuko wa fedha kwa jina lake, na fedha hizo zikalipa watu wa kuvunja mitego porini. Mwaka 1981 gorila waliohesabiwa katika milima ya Virunga walikuwa 254. Hesabu ya 2015 na 2016 iliwakuta 604. Siwezi kusema kitabu peke yake kilifanya kazi hiyo; waliofanya ni walinzi, waganga wa wanyama na wafuata nyayo, na wengi wao wamelipa kwa maisha yao. Ila kitabu kiliwafanya watu wa nje wasiweze kusema hawakujua.

Mwalimu wetu wa biolojia anakipenda kwa sababu nyingine, tena anapenda zaidi vitabu vya George Schaller, mtafiti wa wanyama aliyekaa Kabara, chini ya mlima Mikeno upande wetu wa Kongo, mwaka 1959. Kabla yake watu wengi wa Ulaya na Marekani waliamini gorila ni jitu la kuua. Schaller alikaa akatazama, akaandika wanakula nini, wanalala wapi, wanajenga vitanda vipya kila jioni. Mwalimu anasema kitabu cha namna hiyo hakikulizi, kinakufundisha kuona. Namwelewa, ingawa vijana wetu walisinzia.

Sasa upande wa pili. Yule mama wa sambaza hachukii gorila. Shida yake ni pori la vitabuni, ambalo halina mwenyewe. Unasoma sura nzima ya ukungu na mianzi, na binadamu wa hapo anaonekana tu akiwa na mkuki au akichunga ng'ombe mahali asipotakiwa. Nyumba yake huioni. Na sisi tunajua pori letu lilikuwa na watu. Kahuzi-Biega ilitangazwa hifadhi ya taifa mwaka 1970, ikapanuliwa mwaka 1975 hadi kilomita za mraba 6,000, na Batwa waliokuwa wakiishi humo tangu mababu walitolewa bila fidia. Mwaka 1980 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2018 baadhi ya Batwa walirudi msituni kwa nguvu, ikaleta mapigano na vifo, vya kwao na vya walinzi. Mwaka 2024 ukatangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba serikali ilivunja haki zao. Mtu aliyeyaona hayo, ukimpa kitabu cha gorila mpole, atakisoma kwa jicho lingine, na ana haki.

Lakini kuna shutuma moja niliyoikataa palepale. Kijana mmoja alisema Fossey hakumtaja hata Mwafrika mmoja kwa jina. Si kweli, na msomaji mwenye uchungu anapaswa kuwa mwangalifu kuliko msomaji mwingine yeyote. Fossey alianza kazi Kabara mwaka 1967, kabla vita havijamfukuza kuvukia Rwanda, na aliyemfundisha kufuata nyayo ni Mkongomani aitwaye Sanwekwe, ambaye utotoni alishawafuata gorila kwa ajili ya Carl Akeley, Mmarekani aliyekusanya wanyama kwa makumbusho. Mwenyewe anamtaja kwa jina kitabuni.

Tulirudia ukurasa huo mara mbili. Kisha chumba kikanyamaza kwa sababu kila mmoja, hata mama wa sambaza, aliona jambo lilelile. Mwenye elimu pale ni Sanwekwe, na tunachojua juu yake ni kile mgeni alichokumbuka kuandika. Alifikiri nini alipomwona mama yule akijifunza kufuata nyayo? Nyumbani alikwenda akamsimulia nani?

Kwa hiyo mimi sikubaliani na wanaotaka vitabu hivi vitupwe, wala na wanaosema tusome gorila tu, siasa tuiache mlangoni. Kumpa gorila jina sioni kosa. Mwaka 2021 Ndakasi, gorila yatima aliyeokotwa mwaka 2007 akiwa ameshikilia maiti ya mama yake, alikufa Rumangabo, kwenye Hifadhi ya Virunga, mikononi mwa mlezi wake, André Bauma. Picha yao ilizunguka dunia nzima, na ndiyo picha pekee ambayo pande zote mbili za kikundi chetu ziliipenda, kwa kuwa mnyama ana jina na mtu ana jina, na wote wawili ni wa hapa. Kinachoniuma ni lugha. Kiswahili kinazungumzwa kuizunguka hifadhi yote, lakini binti yetu anapogeuza hulazimika kubuni: sokwe kwa wengi ni gorila na ni sokwemtu pia, na dume mzima mwenye nywele nyeupe mgongoni tumemwita "mgongo wa fedha", tafsiri tu ya Kifaransa. Wazee wanaoyajua majina ya kweli hawajaulizwa.

Jumapili iliyopita alikuja mzee mmoja wa Kabare, ambaye baba yake alikuwa akiwatangulia wageni msituni na panga. Hakukipenda kitabu, na hajabadili mawazo. Ila alipoanza kueleza kwamba shina lililomenywa likiwa bado na majimaji ni la asubuhi hii, na likishageuka rangi gorila wamekwisha kwenda tangu jana, binti alifunga kitabu akafungua daftari. Mzee alitaja mimea kwa Mashi, lugha ya Kabare, mmoja mmoja, akimrudia pale alipokosea herufi. Giza lilipoingia walikuwa ukurasa wa nne.