Takrima ilifutwa mahakamani, uani bado inapikwa

Shangazi yangu alikuwa mjumbe wa chama kwa miaka mingi hapa Ngamiani, Tanga. Ukifika msimu wa kura za maoni, nyumba yake hailali. Usiku mmoja niliouona kwa macho yangu, pikapu ilishusha masufuria mawili ya pilau uani. Akina mama walikaa mkekani, wakala, kisha kila mmoja akapewa doti ya kanga. Shangazi alipoikunjua yake, noti ya elfu kumi ilidondoka. Hakuna aliyesema neno. Aliiokota, akaifunga kwenye pindo. "Ya nauli hiyo, mwanangu," akaniambia. Ukumbi wa kupigia kura tulikuwa tunauona kutoka barazani.

Wakati ule jambo hilo lilikuwa na jina la heshima: takrima. Mabadiliko ya Sheria ya Uchaguzi ya mwaka 2000 yaliliingiza rasmi: kitu kilichotolewa kwa nia njema, kama ukarimu wa kawaida au wa jadi, hakikuhesabiwa kuwa rushwa. Sisi watu wa Pwani neno hili linatuuma kuliko wengine. Tunajua kukirimu. Mgeni akibisha hodi anakaribishwa kahawa na tende, na anayekirimiwa ni yeye mgeni. Usiku ule mgeni alikuja na sufuria lake, tena ana haja yake. Hiyo si takrima ya bibi zetu, na nilikasirika kuona sheria ya nchi inaliazima neno letu kufunikia bahasha.

Aprili 2006 Mahakama Kuu, Dar es Salaam, ilitoa hukumu katika shauri lililofunguliwa na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na asasi nyingine mbili. Ilivifuta vifungu vya 119(2) na 119(3) vya Sheria ya Uchaguzi, vilivyohalalisha takrima, kwa kuwa vinakwenda kinyume na Katiba: vilimbagua mgombea asiye na kitu mbele ya mwenye nacho, na viligusa haki ya mwananchi kuchagua kwa uhuru. Naiheshimu sana hukumu ile. Januari 2010 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliamua kwamba makampuni na vyama vya wafanyakazi wasizuiwe kutumia fedha zao kumpigia debe mgombea, mradi hawashirikiani naye, kwa hoja ya uhuru wa kujieleza. Wale walianza na haki ya mwenye fedha kusema. Majaji wetu walianza na usawa wa yule asiye nazo, na naamini wao ndio waliopatia.

Mwaka huohuo wa 2010 Bunge letu likatunga Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Mgombea anatakiwa aseme ana fedha kiasi gani na anatarajia kupata wapi nyingine. Kwa sheria hiyo ilivyotungwa, mchango wa mtu mmoja ukizidi shilingi 1,000,000, au wa taasisi ukizidi 2,000,000, chama kiutaje kwa Msajili wa Vyama vya Siasa. Hata kura za maoni za ndani ya chama zimo. Kwenye karatasi, pilau la shangazi limepigwa marufuku.

Lakini nani atalipeleka mahakamani? Kesi ya uchaguzi hufunguliwa matokeo yakishatangazwa. Mwalimu aliyeshindwa kura za maoni kwa kukosa masufuria ameshatoka zamani, jina lake halikufika hata kwenye karatasi ya kura. Shahidi naye ni yule aliyekula. Kisha kuna gharama za kuingia mahakamani. Mwaka 2002, katika rufaa ya Julius Ndyanabo, Mahakama ya Rufani ilifuta sharti la kuweka dhamana ya shilingi 5,000,000 kabla kesi ya uchaguzi haijasikilizwa, kwa sababu lilimfungia maskini mlango wa haki. Bunge likairudisha kwa sura nyingine, hadi 5,000,000 kwa kila mlalamikiwa, ingawa mtu aliruhusiwa kuiomba mahakama impunguzie. Na Desemba 2012, katika shauri la ubunge wa Arusha Mjini, Mahakama ya Rufani ikasema wapiga kura waliofungua kesi hawakuwa na haki ya kuifungua, maana hawakuonyesha haki yao wenyewe iliyovunjwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana nayo. Shauri lile lilihusu maneno ya kwenye kampeni, sawa. Ila kwenye fedha, mpiga kura ndiye anayeumia wa kwanza. Chaguo lake limenunuliwa kabla hajashika kalamu, na kama hiyo si haki yake iliyovunjwa, sijui tuiite nini.

Kwa hiyo ninachokiomba ni taarifa zile wagombea wanazojaza zitufikie sisi kabla ya kura, huku chini kwenye kata, wakati bado zinatusaidia. Miaka yote niliyopiga kura Tanga sijapata kuiona hata moja imebandikwa. Kama mgombea ameandika kwamba hana fedha za kutosha, halafu pikapu tatu zinashusha mchele mtaani usiku, jirani yeyote anayejua kusoma ataona pengo lenyewe, na atakuwa na karatasi ya kumwonyesha afisa wa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa.

Ofisi ya kata yetu ina ubao wa matangazo nje, chini ya mwembe. Wiki hii una karatasi mbili tu, moja ya chanjo ya watoto, nyingine ya mnada. Nafasi iliyobaki inatosha wagombea wote.