Modou alioa au alisaliti? Ugomvi wetu juu ya Barua Ndefu Kama Hii

Kitabu chenyewe chembamba, ukikikalia wikiendi moja unakimaliza, lakini sisi watu saba tuliokisoma kwa kupokezana nakala moja mwezi mzima sasa hatujaelewana. Ni Barua Ndefu Kama Hii ya Mariama Bâ wa Senegal, alikitoa kwa Kifaransa mwaka 1979, mwaka uliofuata kikachukua Noma, tuzo ya vitabu vya Afrika, ya kwanza kabisa kutolewa, na 1981 mama wa watu akafariki. Kwa ambaye hajasoma: Ramatoulaye ni mwalimu huko Dakar, yuko eda, mumewe Modou kafa ghafla kwa ugonjwa wa moyo, ndo anakaa anamwandikia shoga yake Aïssatou. Humo anasimulia jinsi huyo mume, baada ya miaka 25 na watoto 12, alivyoenda kumuoa Binetou, binti aliyekuwa anasoma na mtoto wao Daba, yule yule aliyekuwa anakuja pale nyumbani kujisomea na Modou anamrudisha kwao na gari. Mke hajaambiwa hata neno.

Sasa kwetu kaka mmoja akaanza: jamani, Modou hakuzini. Kaenda msikitini, ndoa imefungwa, kuna mashahidi, kuna walii, wapi usaliti? Na huyu kaka si mtu wa kubishana ili ashinde, anaijua dini yake na anaiishi. Hoja yake ilinigusa alipoendelea, akasema tunamshambulia Modou aliyeoa hadharani wakati mitaani kwetu wapo wanaume wa mke mmoja kanisani na mmoja bomani, halafu siku ya msiba turubai limefungwa, watu wanakula ubwabwa, anaingia mwanamke na watoto wawili sura ya marehemu mtupu. Hilo nimeliona kwa macho yangu, kwa mama yangu mdogo. Tulikuwa tumekaa kwenye mikeka, yule mwanamke akasimama pale kwenye lango ameshika watoto mkono huku na huku, hajui aende kukaa wapi, na mama mdogo akageuza uso ukutani hakuugeuza tena mpaka jioni. Kwa hiyo mtu akiniambia bora anayeoa kuliko anayeficha, namwelewa, na sitaki kumjibu haraka haraka.

Lakini nikarudi kwenye kile kipande cha Jumapili. Wanakuja wanaume watatu kwa Ramatoulaye, imamu, Tamsir kaka yake Modou, na Mawdo rafiki yake. Wamevaa vizuri, wanazunguka na maneno, Mungu akipanga binadamu hapangui, wee mpaka mama wa watu anashtuka anadhani mumewe kafa, na imamu anamwambia hapana, mzima, ni kwamba leo kaoa mke wa pili tu na wao ndo wanatoka msikitini. Ramatoulaye anajikaza. Anatabasamu, anawashukuru, anawasindikiza. Hawezi kuwapa raha ya kwenda kusimulia alivyoanguka. Mimi pale nilifunga kitabu, kwa sababu nilimjibu yule kaka kichwani: umesema hadharani, hadharani kwa nani? Mtaa mzima unajua, msikiti unajua, rafiki anajua, asiyejua ni mmoja tu na ndiye aliyezaa naye watoto 12. Hiyo nayo ni siri, tena ni siri iliyobebwa na watu wengi.

Halafu baada ya hapo Modou hakurudi. Hapa watetezi wake huwa wanapapita haraka sana. Hakugawa siku, hakuja kuona watoto, kahamia kwa bibi mdogo moja kwa moja. Na dini hiyo hiyo anayoitegemea, kwenye Suratun Nisaa aya ya 3, inasema mkiogopa hamtafanya uadilifu basi mmoja. Yule kaka mwenyewe nilipomsomea hakubisha, alisema kosa liko kwenye kutotenda haki na sio kwenye kuoa. Sawa, nakubali kwamba hayo ni mambo mawili, ila kwa Ramatoulaye yalikuja siku moja kwenye mlango mmoja, sasa yeye angeyatenganishaje?

Kilichoniuma kuliko hata Jumapili ile ni hesabu ya mirathi. Modou kafa hana kitu. Kumbe jumba la SICAP (kampuni ya nyumba huko Dakar) alilomnunulia Binetou alilipata kwa mkopo wa benki, na dhamana aliyoweka ni nyumba anayoishi Ramatoulaye, hati ina jina lake mwanaume lakini imejengwa na akiba zao wote wawili. Mama yake Binetou kapelekwa Makka. Binetou kaachishwa shule na analipwa faranga 50,000 kila mwezi kama mshahara. Watu wengi niliowasikia wanajadili hiki kitabu wanabaki kwenye mapenzi na wivu, nyumba hawaigusi, na mimi naona nyumba ndo ushahidi. Ukitaka kujua mtu alisaliti au hakusaliti, achana kwanza na kitanda, uliza karatasi zilisainiwa na nani.

Hapa Tanzania hilo suala tunalo kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Kifungu cha 59 kinasema nyumba ya familia haiuzwi wala haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenzako, ndo maana ukienda benki kuchukua mkopo wa nyumba unapewa fomu ya ridhaa ya mwenza. Sheria hiyo hiyo inataka ndoa ijulikane tangu mwanzo ni ya mke mmoja au ya wake wengi, na hata kwenye ya wake wengi mke aliyepo anaweza kuweka pingamizi kwamba kipato cha mume hakitoshi, wataumia yeye na watoto. Nzuri kwenye karatasi. Lakini pingamizi unaliwekaje kwa ndoa unayoletewa taarifa ikiwa imeshafungwa? Na kwenye benki wapo wanaume wanaoapa kwamba hawajaoa kabisa. Kenya nao 2014 bunge lao liliondoa kile kipengele cha kumtaka mume apate kwanza kauli ya mke aliyepo, wabunge wanawake wakatoka nje ya ukumbi, sheria ikapita.

Ugomvi wa pili ni dada zangu wenyewe. Wanamuona Ramatoulaye dhaifu. Wanampenda Aïssatou, ambaye mumewe Mawdo alipomuoa binti aliyeletwa na mama mkwe aliandika barua fupi, akachukua watoto wake wanne akaondoka, akasoma ukalimani, akaishia kufanya kazi ubalozi wa Senegal Marekani. Na ni kweli inatia moyo. Ila Aïssatou ana watoto wanne na Ramatoulaye ana 12, umri umekwenda, na tukumbuke aliyeondoka pale kwa kweli ni Modou, yeye kabaki na nyumba, ada, bomba bovu na watoto wa kupeleka shule kwa basi mpaka Aïssatou alipomnunulia Fiat. Kisha Modou alipokufa akaja Tamsir kutaka kumrithi, na huyo huyo mnayemuita dhaifu akamwambia sauti yangu imekaa kimya miaka 30, leo utaisikia, akamtoa. Daouda Dieng, mwanaume mzuri na anampenda kweli, naye akamkatalia kwa sababu ana mke nyumbani na hakutaka kumfanyia mwanamke mwenzake alichofanyiwa. Mi sioni udhaifu hapo.

Nawapa haki kwenye jambo moja wanaosema hii ni barua ya upande mmoja. Modou kafa, hana pa kujitetea, na Binetou hatumsikii kabisa, tunamuona tu kwa macho ya mke mwenzie, ingawa hata Ramatoulaye mwenyewe anakiri yule binti alitolewa sadaka kwa ajili ya mali, mama yake alitaka kutoka kwenye ufukara. Ningependa sana kusoma barua ya Binetou. Msichana wa shule, mzee wa makamo, na baadaye mjane kabla hajaijua dunia.

Yule kaka ameomba tena nakala, anasema anataka kurudia kile kipande cha mirathi taratibu, mkewe naye anataka kusoma. Nimempa jana.