Mama Mkwe wa Kijani

Printa niliinunua shilingi 7,500. Siku wino ulipokwisha, duka lile lile likaniambia katriji mbili, nyeusi na ya rangi, ni 5,200. Nikauliza tena, nikidhani kijana ametaja bei ya printa nyingine. Hapana. Ni kama kuuziwa sufuria kwa bei ya kutupa, halafu kila ukitaka kupika unauziwa moto kwa bei ya ng'ombe.

Nikateremka River Road.

Kibanda nilichoelekezwa kilikuwa na upana wa mlango, na mwenyewe alikuwa amekaa katikati ya printa zilizopasuliwa vifua. Akanimiminia wino kutoka kwenye madumu hadi kwenye vichupa vinne, akabandika plasta kila kimoja, na juu ya plasta akaandika herufi kwa kalamu: K, Y, C, M.

"Mia sita zote, mkubwa. Kila tundu mililita mbili, polepole. Usisukume kama unachanja ng'ombe."

Nilitaka kumuuliza herufi zile ni za nini, lakini alikuwa ameshageukia mteja aliyekuja kugombana naye juu ya spika, na mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika. Nairobi mvua ikinyesha, nauli ya kwenda Umoja hupanda kabla hujafunga zipu ya koti. Nikaondoka. Mtu mzima, nimesoma, nishindwe na herufi nne?

Sindano nilinunua duka la dawa karibu na nyumbani.

"Ya mgonjwa gani?" dada akauliza.

"Ya printa."

Akanitazama kitambo. "Inaumwa wapi?"

Tuelewane kuhusu haraka yangu. Mama mkwe alikuwa anakuja Jumapili, ametimiza miaka 70, na mimi nilikuwa nimempiga picha Desemba katika shamba lake la chai kule Limuru: amesimama kati ya mistari ya chai, kikapu mgongoni, anga safi nyuma yake. Picha nzuri ajabu. Nilimwahidi nitaitoa kubwa, niiweke kwenye fremu. Mama Kevo aliniambia mara tatu niipeleke studio. Mara ya tatu nikamjibu, "Kwani printa tulinunua ya kupamba meza?" Maneno hayo nimeshayaomba msamaha.

Ijumaa usiku yeye akaenda chama, Kevo akawa chumbani, nami nikatandaza vifaa sebuleni. Nikabandua kibandiko juu ya katriji ya rangi. Chini yake kuna vitundu vitatu, kila kimoja na chumba chake cha rangi yake, na ndani ya kila chumba sponji. Wino haukai humo kama maji kwenye tangi, unanyonywa na sponji. Ndiyo maana ukijaza kupita kiasi unatokea chini, mahali usipopatarajia. Hilo nalijua sasa.

Basi, herufi. Nikavipanga vichupa mezani, nikafikiri kama msomi. K ilikuwa rahisi: wino mweusi, K ni kiza. Nikaujaza kwenye katriji nyeusi, nikachapisha mstari, ukatoka mweusi tii. Y nikaitikisa, ikang'aa njano. Y ni yai! Kiini cha yai! Nikacheka peke yangu. Kumbe yule kijana ni mwalimu, ameandika kwa Kiswahili ili sisi wananchi tusipotee.

Zikabaki C na M. Kwa mwendo huo, C ingekuwa nini kama si chekundu? Na M, mbingu. Samawati. Lugha yenyewe ilikuwa imenishika mkono.

Nikiwa nimevuta nusu sindano ya "chekundu", stima ikazimika. Tokeni zimeisha. Mtu mwenye akili angengoja. Mimi niliwasha tochi ya simu, nikaiuma kwa meno, nikaendelea. Na hapa nijitetee kidogo: wino wa samawati na ule mwekundu, ukiwa umejaa kichupani, yote miwili hufanana na kahawa ya turungi. Kwa tochi iliyojaa mate hutaona tofauti hata ukilipwa.

Mililita mbili nikaona ni uchoyo. Nikaweka nne nne. Katriji ikaanza kulia. Tone likaning'inia chini, likanenepa, likaanguka, na mwenzake akafuata. Nikamwita Kevo alete karatasi za choo, lakini mtu mwenye simu mdomoni huita "Hewo! Hewo!" na mtoto akadhani nafanya mazoezi ya kwaya. Nikaiweka katriji chini kwenye kitu laini kilichokuwa karibu, nikakimbia msalani mwenyewe.

Kitu laini kilikuwa kitambaa cha kochi. Kati ya vile kumi na viwili vyeupe, vya kushonwa kwa mkono. Alivyoshona nani? Mama mkwe.

Stima ikarudi, maana Mama Kevo alikuwa ametuma tokeni akiwa njiani, na kila kitu kikaonekana kwa mpigo mmoja. Kitambaa kilikuwa kimechanua kama kanga. Vidole vyangu vyote kumi, samawati na zambarau hadi kwenye kiungo cha pili. Nikajaribu sabuni, ndimu, jiki. Jiki ilisaidia sinki.

Kesho yake kwenye matatu nikatoa pesa, kondakta akaishika noti lakini macho yakabaki kwenye mkono.

"Mzee, uchaguzi ulikuwa 2022. Wewe ulipiga kura ngapi?"

Gari zima likageuka. Mama mmoja nyuma akasema, "Ndiyo hawa."

Jioni nikachapisha. Printa ikasisitiza kuwa katriji ni tupu, kwa sababu ile yangu haipimi wino, inahesabu tu matone iliyotoa. Nikabonyeza endelea. Karatasi ya kung'aa ikaanza kuchungulia kidogo kidogo, kuanzia juu. Kwanza mbingu: ya waridi, kama sabuni ya kipande. Nikajiambia ni machweo. Halafu kikaja kitambaa cha kichwa, halafu paji la uso. La kijani.

Herufi zile zilikuwa za Kiingereza: C ilikuwa cyan, yaani samawati. M ilikuwa magenta, ule wekundu wa maua ya bogonvilia. Ngozi ya binadamu, kwa printa, ni njano na wekundu, na mimi wekundu niliutoa nikaweka samawati, ambayo ikikutana na njano huzaa kijani. Majani ya chai nayo yakafanyiwa kinyume, yakawa mekundu kama nyanya za Marikiti. Mama mkwe alisimama katikati ya moto, rangi ya sukuma wiki, akitabasamu.

Studio zilikuwa zimefungwa. Fremu nilishanunua.

Jumapili baada ya chakula Mama Kevo akasema, kwa sauti tamu ambayo naijua, "Baba Kevo ana zawadi yako, Mama." Nikaitoa, mikono nimeivuta ndani ya sweta. Mama akavaa miwani, akaishika mbali, akaisogeza karibu. Kevo akaanza kukohoa kikohozi kisicho cha mafua.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Mama."

"Na hii nyekundu ni nini?"

"Chai, Mama."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayekagua mavuno kabla ya kupima kilo.

"Basi chai imeiva," akasema. "Mimi ndiye bado mbichi."

Akaomba leso, akaifunga picha vizuri ya kwenda nayo Limuru, wanawake wenzake wa kanisani waione. Kisha akanyoosha mkono kwenye kochi, akahesabu vitambaa, akafika kumi na moja, akanitazama kwenye sweta.