Nani Aliyeingiza Siasa Uwanjani?

Juma lililopita, katika kibanda umiza cha mtaani kwetu, mchezaji mmoja alizomewa kwa milio ya nyani, nami nikauliza kwa sauti kwa nini mwamuzi hasimamishi mchezo. Mzee aliyeketi kando yangu akanijibu kwa upole, "Mwanangu, michezo haina siasa, tuache tutazame mpira." Nilinyamaza, kwa kuwa ni mkubwa wangu na chai niliyokuwa nikinywa alikuwa amenilipia yeye.

Hapa sinyamazi. Mwaka 1951 timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha San Francisco, chini ya kocha Joe Kuharich, ilicheza michezo 9 na kushinda yote 9. Ollie Matson peke yake alikimbia na mpira yadi 1,566, idadi ambayo hakuna mchezaji mwingine wa vyuo aliyeifikia msimu ule. Mchezo wa mwisho waliwachapa Loyola 20 kwa 2 pale Rose Bowl, Pasadena, kisha wakasubiri mwaliko wa michezo mikubwa ya mwaka mpya.

Mwaliko haukuja. Kwa maelezo ya wachezaji wenyewe, walidokezwa kwamba njia ya kwenda Orange Bowl, mmojawapo wa michezo hiyo, kule Miami, ingekuwa nyeupe endapo Matson na Burl Toler, Weusi pekee kikosini, wangeachwa nyumbani. Tazama ustaarabu wa sharti hilo: halikutaja chuki, lilitaka tu watu wawili wasipande gari. Wenzao walikataa, na walikataa huku wakijua kwamba chuo kilikuwa kinapata hasara kwa sababu ya timu hiyo na kwamba fedha za Miami zingeweza kuiokoa. Msimu ulipokwisha, timu ikavunjwa. Basi naomba mzee wangu anieleze ni nani kati ya hawa aliyechanganya siasa na michezo: vijana waliotaka kucheza na wenzao wote, au mabwana waliokagua rangi za ngozi mlangoni? Anayefunga mlango huitwa mlinzi wa desturi. Anayeuliza kwa nini umefungwa ndiye huitwa mchochezi.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba ratiba yao haikuwa ya kutisha. San Jose State walikutana nao mara mbili, na baadhi ya wapinzani walikuwa timu za kambi za kijeshi. Lakini kikosi kilichotoa watatu walioingia katika Jumba la Heshima la mpira wa kulipwa, yaani Matson, Gino Marchetti na Bob St. Clair, hakikuwa cha kubahatisha. Matson huyo huyo, mwaka 1952, aliiletea Marekani medali mbili za riadha kutoka Olimpiki ya Helsinki. Bendera haikuona tabu kubebwa naye.

Mwaka 2006 chuo kiliwatunuku waliosalia shahada za heshima. Miaka 55! Wengine walikwisha kuzikwa.

Toler aliumia goti mwaka 1952 na hakucheza mpira wa kulipwa hata siku moja. Akachukua filimbi. Mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza Mweusi wa NFL, ligi kuu ya mpira huo wa kulipwa, na Januari 1980 alikuwa miongoni mwa waamuzi wa fainali ya Super Bowl, iliyochezwa Pasadena, katika uwanja ule ule wa Rose Bowl.