Mwongozo wa msimbo uonyeshe msimbo wenyewe

Anayejifunza HTML, lugha ya kuundia kurasa za wavuti, hufungua mwongozo akakuta sentensi kama hii: "Ili neno likolee, liweke kati ya na." Kati ya nini na nini? Mwandishi aliandika <strong> na </strong>, ila kivinjari hakikuzichukulia kuwa maandishi ya kusomwa. Kilizipokea kama amri, kikazitekeleza, kikaendelea na kazi. Kinachoniudhi ni kwamba hakuna onyo lolote. Mwandishi haoni kosa, na mwanafunzi hajui kuna kitu kimetoweka. Hubaki akidhani yeye ndiye mzito wa kuelewa.

Lawama hii ni ya mwandishi, kwa sababu dawa ipo tangu zamani. Kwenye HTML, alama < huandikwa &lt; na & yenyewe huandikwa &amp;. Ukibadilisha hati nzima kwa mkupuo, anza na &. Ukitanguliza <, utapata &lt; na zamu ya & ikifika, itageuka kuwa &amp;lt; kisha msomaji ataona vurugu tupu.

Wengi huamini tagi (alama ya amri) ya <pre> inatosha. Haitoshi! Inatunza nafasi na mistari tu. Tagi zilizomo ndani yake bado hutekelezwa. Kinachochanganya ni kwamba kwenye MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, <pre> huzuia msimbo usitafsiriwe, kama ifanyavyo <nowiki>. Jina moja, tabia mbili, na mtu akihama na mazoea yake anaumbuka. LaTeX, mfumo wa kupanga hati, ina verbatim kwa kazi hiyohiyo. Markdown, mtindo mwepesi wa kuandikia maandishi ya wavuti uliotoka mwaka 2004, hutumia alama ya `, na kama msimbo wenyewe una alama hiyo, unauzungushia mbilimbili.

Halafu kuna madhara ya programu za kuandikia hati. Hizi hupinda alama za nukuu ili zipendeze, na vistari viwili huviunganisha kuwa kimoja kirefu. Amri iliyokuwa --help inatoka –help, na kompyuta inaikataa. Kwa macho ni vigumu kuona tofauti, hasa kwenye simu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaokagua mwongozo ndani ya kihariri pekee. Ufunguliwe ukurasa uliokwisha kuchapishwa, kila mfano unakiliwe kutoka hapo, ubandikwe kwenye faili tupu na uendeshwe. Mfano usiofanya kazi urekebishwe siku hiyohiyo, au uondolewe.